Mwataka tuwe kama Sudan?

Ilikuwa baada ya maghrib, barazani Kibokoni, Mombasa, na muuza kahawa alikuwa ashapita raundi ya pili. Simu inazunguka mkono kwa mkono. Zilikuwa zile video za El Fasher, mji wa Darfur, magharibi mwa Sudan, zile ambazo wapiganaji wa RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi la Sudan, walijirekodi wenyewe, na kila aliyepokea simu aliangalia sekunde mbili tatu akampa mwenzake. Hakuna aliyemaliza hata moja. Alafu mmoja akaleta habari za Dar, kwamba uchaguzi umeingia vurugu, intaneti imezimwa, usiku hakuna kutoka, na yeye ana dadake Kinondoni hampati kwa simu. Hapo ndo ami mmoja akaweka kikombe chini. Ni mtu mzima, namheshimu, amefanya kazi kwenye magodauni ya chai Shimanzi miaka na miaka mpaka kastaafu. Akatuangalia sisi vijana (kwa hesabu zake mimi bado kijana, ingawa nina watoto wawili na goti linauma).

"Si mwaona? Ndivyo inavyoanza. Watoto barabarani, watoto barabarani, mwisho wake ndo huo hapo kwenye simu. Mwataka tuwe kama Sudan?"

Hakuna aliyemjibu.

Mtu mzima akisema kitu kama hicho, na simu yenye picha zile bado iko moto mkononi, utamjibu nini? Tulikunywa kahawa yetu. Lakini lile swali halikuniacha, nimelala nalo nimeamka nalo wiki nyingi sasa, nikiwa kwenye matatu nabishana na ami kimoyomoyo, na kila nikifikiri nimemshinda naona bado.

## Maiti kortini

Sentensi yenyewe si mpya. Juni 2024, vijana walipoingia Bunge pale Nairobi, ilisemwa redioni, ikasemwa kwenye magrupu ya familia, ikasemwa na watu ambao hawawezi kukuonyesha Khartoum kwenye ramani. Kabla ya Sudan ilikuwa Syria. Kabla ya Syria ilikuwa Libya, na hiyo ya Libya haijaisha mpaka leo, bado kuna mtu atakutumia ile orodha ya mambo mazuri ya Gaddafi, umeme bure, harusi unalipiwa, nusu yake sijui ilitoka wapi.

Mtindo ni ule ule. Nchi ya Kiarabu iliyokufa inaletwa kortini kama maiti ya ushahidi dhidi ya vijana wa hapa, watu wanaziba pua, wanatikisa kichwa, kesi imekwisha.

Na hakuna anayeuliza maiti aliuliwa na nani.

Mimi Sudan naifuata kidogo zaidi ya wengine, juu nilifanya kazi Nairobi na dada mmoja wa Omdurman, ng'ambo ya mto kutoka Khartoum, aliyetoroka mwaka 2023, mwalimu, mtu wa vichekesho, ambaye aliwahi kunipigia kelele nusu saa kwa sababu nilisema "vita vya Sudan vilianza kwa maandamano". Nitamrudia. Kwanza nimalizane na ami.

## Mkate wa Atbara

Desemba 2018, Atbara, mji wa reli kaskazini mwa Khartoum, bei ya mkate ikapanda kutoka pauni 1 hadi 3. Wanafunzi wakatoka. Jioni ofisi ya chama tawala imeshawaka moto. Kutoka hapo miezi minne, mji hadi mji, mpaka 6 Aprili 2019 watu wakaenda kukaa mbele ya makao makuu ya jeshi Khartoum na wakakataa kuondoka. Siku tano baadaye Omar al-Bashir, miaka 30 madarakani, akatolewa na majenerali wake mwenyewe.

Ile tarehe 6 Aprili haikuokotwa. Ni siku ambayo rais Nimeiri alianguka mwaka 1985, naye aliangushwa na mgomo na maandamano. Na kabla yake Jenerali Abboud, Oktoba 1964, hivyo hivyo. Yani Wasudan walikuwa washamtoa mwanajeshi madarakani kwa miguu yao mara mbili, kabla wengi wetu hatujazaliwa, na mara zote mbili kilichofuata ni uchaguzi. 1965 uchaguzi. 1986 uchaguzi. Baadaye jeshi likarudi kupindua, ndio, 1969 na tena 1989, na vita vya Kusini vilikuwepo vikiendelea. Lakini Khartoum haikugeuka magofu kwa sababu watu wametoka kuandamana.

Kwa hivyo kama barabara ndo ugonjwa, mbona mara mbili za kwanza mgonjwa hakufa?

Swali hili lilinikaa sana. Kitu gani kilikuwepo 2019 ambacho 1964 na 1985 hakikuwepo?

## Jeshi la pili

Bashir aliingia kwa kupindua, kwa hivyo alijua vizuri sana mtu hutolewaje. Jeshi alilokuwa nalo hakuliamini. Na Darfur ilipoasi mwaka 2003, badala ya kutegemea wanajeshi ambao wengi wao walikuwa na ndugu huko huko Darfur, serikali ikawapa silaha wapanda ngamia na farasi, Janjaweed, wakachoma vijiji. Mmoja wao alikuwa mfanyabiashara wa ngamia anaitwa Mohamed Hamdan Dagalo. Hemedti.

Mwaka 2013 wakapewa jina rasmi, RSF. 2017 wakapewa sheria yao, chini ya rais mwenyewe. Mwaka huo huo Hemedti akashika machimbo ya dhahabu ya Jebel Amir. Na tangu 2015 Sudan ilikuwa inapeleka askari Yemen kupigana upande wa Saudia na Imarati (UAE), na RSF walikuwemo kwa wingi, pesa ikaingia, sio kwa hazina, kwao.

Haya hebu piga hesabu. Mtu ana jeshi lake, ana dhahabu yake, ana wateja wake wa nje wanaomlipa moja kwa moja. Huyo anahitaji nchi ya nini?

Ndo maana 2019 aligeuka akamwacha Bashir bila hata kutoa jasho. Na ndo maana 3 Juni 2019, mwisho mwisho wa Ramadhani, waliingia kwenye ile kambi ya waandamanaji alfajiri wakaua watu zaidi ya 100, wengine wakatupwa Nile, na intaneti ikazimwa. Vijana wakarudi barabarani 30 Juni kwa maelfu na maelfu, bila intaneti, kwa karatasi na mdomo tu. Agosti wanasiasa wakasaini kugawana madaraka na wale wale. Burhan, mkuu wa jeshi, mwenyekiti, Hemedti naibu wake. Waziri mkuu Abdalla Hamdok, mchumi, mpole, katikati yao. 25 Oktoba 2021 majenerali wakachukua kila kitu. Alafu wakabaki wawili tu mezani, na walichobishania ni hiki: RSF iingizwe kwenye jeshi kwa muda gani. Jeshi linasema miaka 2. Hemedti anasema 10.

15 Aprili 2023, Jumamosi, kumi la mwisho la Ramadhani, wakaanza kupigana katikati ya mji wenye mamilioni ya watu waliofunga.

Siku hiyo hakukuwa na maandamano.

Nikaanza kuangalia wengine kwa jicho hilo. Libya, Gaddafi alilikausha jeshi akajenga vikosi chini ya wanawe, Khamis na kile cha 32. Syria, Kitengo cha Nne chini ya Maher, nduguye Bashar al-Assad aliyekuwa rais. Yemen, Republican Guard chini ya Ahmed, mtoto wa rais Saleh. Tunisia haikuwa na kitu kama hicho cha maana, na jeshi halikuingia kumpigania rais Ben Ali, akapanda ndege 14 Januari 2011 akaenda zake Saudia. Misri jeshi ni moja, na limekula nchi nzima lenyewe, likapindua 2013, dhulma tele, lakini Cairo haijapigwa mabomu na mtoto wa Mubarak.

Hapa nikasimama kidogo. Nadharia yangu ilikuwa imeanza kupendeza sana, na mimi kitu kikipendeza hivyo huwa nakishuku.

Kwa sababu Libya kulikuwa na ndege za NATO pia. Bahrain majeshi hayakupigana yenyewe kwa yenyewe, na Machi 2011 majirani wakavuka lile daraja la baharini kutoka Saudia kuja kusaidia kuzima watu. Tunisia yenyewe rais Kais Saied alisimamisha bunge 2021 na wapinzani wengi wakatiwa jela. Sio kwamba ukiwa na jeshi moja umeokoka. Ninachosema ni kidogo zaidi ya hapo: ukitaka kujua kama nchi itakuja kulipuka, kuhesabu vijana walioko barabarani hakutakusaidia sana. Hesabu majeshi. Uliza nani anayalipa.

## Majirani saba

Watu wanaogopa vita vya Sudan visije vikawa vya kanda nzima. Nasoma hiyo kila wiki, "hofu ya kusambaa". Sijui wanasubiri nini ndo waseme vimesambaa. Sudan imepakana na nchi saba. Chad, silaha zinapita upande wa mashariki kuingia Darfur, na ripoti nyingi zinaelekeza kidole Imarati, ambao wanakanusha mpaka kesho. Sudan ikawapeleka Mahakama ya Haki ya The Hague, na Mei 2025 mahakama ikasema haina mamlaka, kesi ikafutwa, kesho yake Khartoum ikavunja uhusiano. Wiki hiyo hiyo droni zilikuwa zinachoma maghala ya mafuta Port Sudan, mji ambao watu walikimbilia kwa sababu ndo ulikuwa salama. Misri iko na jeshi. Droni za Iran ziko na jeshi, za Uturuki pia. Libya ya mashariki inapitisha watu na mafuta kwenda kwa RSF. Wakolombia, jamani. Wakolombia wamekuja kufia Darfur kwa mshahara.

Na Kenya je?

Februari 2025, KICC, Nairobi, RSF na washirika wao walikutana kutangaza mkataba wa serikali yao sambamba. Kwetu. Kwenye jumba letu. Serikali ikasema inatoa nafasi ya mazungumzo ya amani, na labda kuna aliyeamini. Sudan ikamwita balozi wake nyumbani. Machi ikapiga marufuku bidhaa za Kenya.

Bidhaa yenyewe kubwa ni chai.

Wasudan wanakunywa chai yetu kupita kiasi, ni moja ya masoko makubwa tuliyokuwa nayo, na sehemu kubwa inauzwa kwa mnada hapa hapa Mombasa na kutoka Kilindini kwenda Port Sudan. Kontena zikakwama. Na mtoto wa ami, yule yule ami wa barazani, ni kibarua wa kubeba mifuko ya chai Shimanzi, analipwa kwa siku, na siku zikapungua. Hilo baraza zima tunalijua kwa sababu tulichanga kodi yake ya nyumba mara moja.

Sasa mimi nilikuwa nikifikiria hili ndani ya matatu mpaka napitiliza stendi yangu. Kitu kimoja tu kutoka Sudan kimewahi kuingia ndani ya nyumba ya ami kikagusa sufuria. Na hakikuletwa na vijana wa maandamano, wa hapa wala wa kule. Kililetwa na wakubwa waliokaa kwenye viti vya KICC. Na sio mara ya kwanza, wenye umri wangu watakumbuka 27 Agosti 2010, Uhuru Park, tunaapa katiba mpya, machozi yanatutoka, alafu kamera inageuka na nani yuko kwenye viti vya wageni? Bashir, na waranti ya ICC mfukoni. Katiba ya haki za binadamu, jamani, na mgeni wa heshima ni yeye.

Nilimwambia ami hilo la chai baadaye, siku nyingine, kwa upole. Akaniambia, "Hayo ya wakubwa, mwanangu." Basi.

## Kaka yake

Nilimtumia yule dada wa Omdurman odio ndefu, dakika sita, namweleza nadharia yangu yote ya majeshi mawili kana kwamba nimegundua dawa. Nilikuwa nataka aniunge mkono, nisiseme uongo. Alikuwa pale kwenye kambi ya 2019. Ananihadithia mara kwa mara, kuhusu wale mama wauza chai wa Khartoum walivyokuja na jiko zao na vistuli wakawa wanawapa watu chai bila pesa, na mimi humwambia hiyo ilikuwa ya Kericho, anasema kaa kimya.

Akajibu siku ya pili.

Akasema nadharia ni sawa lakini inanisaidia mimi, haimsaidii yeye. Ana kaka yake mkubwa ambaye yuko Cairo sasa. Nyumba ya baba yao ilichukuliwa na RSF miezi ya kwanza, na waliporudi kuiona baada ya jeshi kukomboa mji, hata nyaya za umeme zilikuwa zimeng'olewa ukutani. Kaka yake hamwambii neno baya. Anamuuliza tu, kila wakipigiana simu karibu: mlipokwenda pale 2019, mlipata nini? Tungekaa kimya, si tungekuwa nyumbani?

"Na wewe unamwambia nini?"

Anasema siku nyingine humwambia kwamba jeshi la Hemedti lilikuwepo tayari, lingetoka tu siku Bashir atakapokufa. Siku nyingine humkumbusha Darfur, ambako watu walikaa kimya au hawakukaa, walichomwa tu, tangu 2003, na Khartoum walikuwa wakiishi maisha yao wanaita hiyo amani. Hili analisema kwa aibu kidogo, maana anasema yeye mwenyewe alikuwa shuleni Omdurman miaka hiyo na hawakuwa wakilizungumza sana. El Fasher imezingirwa zaidi ya siku 500 kabla haijaanguka 26 Oktoba 2025, na hata sasa, anasema, kuna watu wa kaskazini wanaishangaa kama habari ya nchi nyingine.

Na siku nyingine hana cha kumwambia kaka yake. Anakata simu.

Nikamuuliza lile linalonisumbua mimi zaidi, Agosti 2019. Walipokubali kukaa meza moja na watu waliowaua miezi miwili nyuma. Si pale ndo waliteleza? Akacheka ile kucheka ya hasira. Kamati za mitaa nyingi hazikutaka, anasema, walikuwa na ile kauli ya kwamba na jeshi hakuna mazungumzo, hakuna ushirika. Lakini kulikuwa na watu wanasema tukikataa watatumaliza wote. Yeye mwenyewe alikuwa upande gani? Anasema alibadilika kama mara tatu kwa wiki. Mpaka leo anabadilika.

Nimemwamini zaidi kwa hilo kuliko angenipa jibu.

## Kura ya adesi

Kitu ambacho ami hakijui, na mimi pia nilikijua nusu nusu mpaka yule dada aliponieleza, ni hao vijana wa barabarani wako wapi saa hii. Wengine wamekufa. Wengine wamejiunga na jeshi kupigana na RSF, na hilo linamuuma. Wengi wako nje. Lakini zile kamati za mitaa, zile zilizokuwa zinapanga maandamano na vizuizi, vita vilipoanza ziligeuka kuwa vyumba vya dharura. Magrupu ya WhatsApp ni yale yale, watu ni wale wale. Jana ulikuwa unapanga nani ataleta maji kwenye maandamano, leo unapanga nani ana insulini, nani ana gari, njia ipi haina vizuizi vya RSF. Wakafungua majiko ya mtaa, wanayaita takaya, jina la zamani la wasufi, sufuria moja kubwa la ful (maharagwe) au adesi na mtaa mzima unapanga foleni na mabakuli. Zaidi ya watu milioni 12 wamefukuzwa makwao katika vita hivi, na mashirika makubwa mengi hayakuweza kuingia kule ndani, walioweza ni hawa, kwa sababu walikuwa hawajatoka.

Jeshi linawakamata kwa kuwa wana siasa. RSF wanawakamata kwa kuwa wanalisha mitaa ya adui. Mwanzo wa 2025 Marekani ilipokata misaada majiko mengi yakazimika, ikabidi Wasudan wa nje ndo wachange, kwa ile programu ya benki wanayoiita Bankak. Mwaka huo huo wakapewa tuzo ya Right Livelihood. Yeye anasema tuzo ni nzuri lakini haichemki kwenye sufuria.

Anachangia jiko moja la mtaa wao kila mwezi na yuko kwenye grupu lao. Mwaka jana, anasema, palitokea mfanyabiashara mmoja mkubwa pale Omdurman akataka kuwapa magunia ya adesi, mengi, ya kulisha mtaa miezi. Shida ni kwamba kila mtu anajua enzi za Bashir alikuwa mtu wa chama. Nusu ya grupu wakasema chakula hakina chama. Nusu wakasema yule atakuja kupiga picha na sufuria yetu. Wakabishana usiku kucha, intaneti inakatika inarudi, mizinga inasikika upande wa pili wa mto, na mwisho wakasema basi, kura. Walio ndani kura, walio nje kura, mmoja akapiga kura kutoka Port Sudan kwa meseji ya kawaida kwa sababu data ilikuwa imemwishia.

Yule dada alipiga kura ya kukataa. Akashindwa. Magunia yakapokelewa, kwa sharti la hakuna picha, na yule tajiri alikuja na mpiga picha vile vile, wakamfukuza mpiga picha wakabaki na adesi. Mpaka leo kuna wawili wa ule upande ulioshinda hasalimiani nao vizuri, anasema wakirudi Omdurman jambo hilo litafunguliwa upya, kuna kipengele cha utaratibu hakikufuatwa.